Kaseti za Njano Katika Njia ya Simbamwene

Vitu vigeni vimekuwa vikiingia Morogoro kwa njia ileile tangu enzi za misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipita chini ya Milima ya Uluguru na kupumzika karibu na ngome ya chifu Kisabengo. Henry Morton Stanley alipofika hapo mwaka 1871, aliikuta ngome hiyo ikitawaliwa na binti yake Kisabengo, Simbamwene. Mwaka 1907 reli ya Wajerumani ikafika kutoka Dar es Salaam. Baadaye zikaja santuri za Kuba, na Salum Abdallah akaanzisha hapa Cuban Marimba, bendi iliyoufanya mji huu usikike Afrika Mashariki nzima. Nimeirudia njia hiyo nikifuatilia kitu kidogo ambacho waandishi wetu wa historia wamekipita bila kukisimamia: gemu za zamani za televisheni.

Sababu ya kuzifuatilia sasa ni kwamba gemu hizo zimegeuka mali upya. Tangu Septemba 2018 kampuni ya Nintendo inawatoza wateja ada ili wacheze mtandaoni michezo yake ya miaka ya 1980 na 1990. Huko Marekani mpango wa kawaida ni kama dola 20 kwa mwaka. Sony nayo ilifungua ghala lake la michezo ya kale mwezi Juni 2022, ndani ya huduma ya PlayStation Plus. Aliye Chicago au London anawasha kifaa na kuukuta utoto wake umepangwa kwenye kioo. Nikataka kujua utoto wetu sisi wa Morogoro uko wapi.

Safari hiyo inaanzia kwenye katazo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Televisheni Zanzibar ilikuwa imeanza kurusha picha za rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara iliendelea na redio kwa miaka ishirini zaidi. Kwa hiyo Nintendo ilipotoa mashine yake ya Famicom huko Japani mwaka 1983, nyumba nyingi za Morogoro hazikuwa hata na kioo cha kuichomekea. Kituo cha ITV kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwaka huohuo Marekani ilianzishwa Sega Channel, huduma iliyoleta gemu nyumbani kupitia waya wa televisheni kwa ada ya kila mwezi, na ikafungwa mwaka 1998. Tarehe hizo mbili nikiziweka pamoja naona umbali uliokuwapo: wenzetu walikwisha kulipia gemu kwa mwezi wakati sisi ndio kwanza tunaelekeza antena.

Lakini mambo yalikwenda mbio. Biashara ilikuwa imefunguliwa enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, na mizigo ya Dubai na ya Mashariki ya Mbali ilikuwa ikijaa Kariakoo, Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi stendi ya Msamvu, Morogoro, ni kilomita zipatazo 190 kwa basi. Katika mizigo hiyo zilikuja mashine za kuigiza Famicom, zilizotengenezwa bila idhini ya Nintendo, zikiwa na pedi mbili, bastola ya plastiki na kaseti za njano. Kwenye lebo ya kaseti iliandikwa kwamba ndani mna gemu 9,999. Ukiziwasha unakuta ni chache tu, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Hakuna aliyelalamika. Mario alikuwamo, Contra ilikuwamo, vifaru vilikuwamo, bata wa kupiga kwa bastola walikuwamo.

Watu wengi hawakuwa na mashine nyumbani, na hapo ndipo kibanda cha gemu kilipozaliwa. Ukitembea leo kutoka Sabasaba kuelekea Mji Mpya bado unapita mbele ya vyumba vya namna hiyo: pazia mlangoni, benchi, kioo kimoja au viwili, na kijana mwenye daftari. Napenda ieleweke vizuri jinsi vilivyoendeshwa, kwa sababu ule ulikuwa mfumo kamili wa malipo. Ulilipia mechi au dakika. Kwenye mpira, aliyefungwa alilipa na kupisha, kwa hiyo fundi aliweza kushinda mchana kutwa kwa sarafu moja huku wenzake wakimgharamia. Mwenye kibanda alijua nani apewe deni na nani asipewe. Umeme ukikatika katikati ya mechi, shauri liliamuliwa papo hapo na waliokaa benchi, nao walikuwa wakali kuliko mwamuzi yeyote. Katika miezi ya mgao wa umeme, kibanda kilifuata ratiba ya TANESCO kama mkulima anavyofuata mvua.

Siri zilipitishwa kwa mdomo. Ile ya Contra ya kupata maisha 30, juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha B na A, tuliijua kwa moyo watoto ambao hatukuwahi kuona jarida la gemu. Wazazi walikuwa na malalamiko ya haki: ada za shule ziliishia humo, na vipindi vilikosekana. Na hayo nayo ni sehemu ya historia hii.

Baadaye ikaja PlayStation, kisha PlayStation 2 na diski zake za kunakiliwa, na mpira wa Konami ukafuta karibu gemu nyingine zote. Simu za Nokia zikaleta nyoka, ambaye kampuni hiyo ilimweka kwa mara ya kwanza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Gemu ya nyoka ilipanda hadi vijijini, mahali ambapo kibanda hakikuwahi kufika.

Nimeimalizia njia hii juu. Unapita Rock Garden, unapanda hadi Morningside kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, unavuka mashamba ya Waluguru ya mboga na migomba, na mbele yako kunasimama kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kikiwa na minara ya mawasiliano. Mkongo wa Seacom ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukapelekwa bara. Kwa upande wa mtandao, basi, kikwazo cha kuzipata gemu hizo za kulipia si kikubwa kama tunavyodhani. Super Mario Bros. nzima ina kilobaiti 40, chini ya picha moja ya WhatsApp.

Kikwazo kiko kwenye orodha. Tanzania haimo kati ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation Network, na Nintendo haijatufungulia duka lake la mtandaoni. Anayetaka huduma hizo hudanganya kwamba anaishi nchi nyingine, kisha huhangaika na kadi ya dola. Huduma ya malipo kwa simu ya M-Pesa iko Tanzania tangu mwaka 2008, na mama muuza nyanya anaitumia kulipa king'amuzi. Watu waliokuwa wakilipia gemu kwa mechi wasingeshindwa kulipia kwa mwezi, kama wangeulizwa.

Hata hivyo sioni busara kuzikabidhi kampuni hizo kumbukumbu yetu. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia halali sokoni. Mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS. Kinachokodishwa kwa mwezi kinaweza kuondolewa mwezi unaofuata. Na kaseti ya njano yenye gemu 9,999, ambayo ndiyo iliyotufundisha sisi, kampuni haitaiweka kwenye orodha yake kamwe, kwa sababu kwake hiyo ni bidhaa ya wizi. Kwetu ni ushahidi wa jinsi teknolojia ilivyofika mji huu, na wa vijana waliojifunza kutengeneza pedi, kuunga nyaya na kuendesha biashara ya kwanza maishani mwao.

Kwa hiyo nawaomba wenye vibanda wa zamani wa Mji Mpya, Mafiga, Kihonda na Bigwa: msizitupe mashine hizo, hata zilizokufa. Andikeni nyuma ya kila moja mwaka mlioinunua, duka la Kariakoo ilikotoka na bei ya mechi moja. Vyuo vyetu vya Sokoine na Mzumbe vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, na wazee wa benchi bado wapo wa kuhojiwa. Kazi hiyo ianze mwaka huu.