Barza ya Simuni: Mitandao ya Kijamii na Masomo Nchini Uganda

Tangu kale wanadamu wamekuwa na barza zao za mazungumzo: chini ya mti, sokoni, kisimani. Katika karne hii barza nyingine imezuka ndani ya simu. Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009. Haukupita muda mrefu, watu wa Uganda wakawa wanapashana humo habari za misiba, arusi, bei za mazao na karo za shule.

Wakuu wa nchi waliitazama barza hiyo kwa mashaka. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ilizimwa. Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni aliandika barua akitaka itozwe kodi, na mazungumzo yake akayaita lugambo, yaani umbea kwa Kiganda. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila mtumiaji alipaswa kulipa shilingi 200 kwa siku. Wengi walikwepa kwa programu za kuficha mahali walipo. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti.

Je, ulikuwa umbea mtupu? Jibu lilipatikana wakati wa dhiki. Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakabaki majumbani. Baadhi ya madarasa yalirejea kwa muda, lakini shule hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Serikali ilitoa masomo kwa redio, televisheni na magazeti. Asiye na mwana aeleke jiwe: walimu wenye simu waliunda vikundi vya WhatsApp, wakatuma mazoezi na kuyasahihisha.

Kwa mwalimu wa Kiswahili chombo hiki kina faida ya pekee. Katika Kiganda, sauti r na l hubadilishana kufuatana na irabu iliyotangulia. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kutamka kura na kula namna moja. Kitabu hakiwezi kumsahihisha, bali sauti ya mwalimu iliyorekodiwa yaweza, tena aisikilize mara kumi.

Hata hivyo, sauti hutumia intaneti nyingi kuliko maandishi, na kila ongezeko la gharama humwangukia kwanza mtoto wa maskini. Yule ambaye nyumbani hamna simu wala umeme hakuisikia sauti ile kabisa.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Basi, walimu wenzangu, tunaporekodi masomo, tuyahifadhi pia shuleni, ili simu moja iwasomeshe wengi bila malipo mapya. Barza isiyo na nafasi ya maskini haijawa barza.