Mganga Hajigangi: Watuliza Roho wa Kando ya Ziwa Victoria

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, safari ya kama kilomita 20 inakufikisha Kisesa, na hapo pembeni kuna kilima cha Bujora. Juu ya kilima yapo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa mwaka 1968 na Padri David Clement, mmisionari Mkanada wa shirika la White Fathers aliyeipenda lugha na ngoma za wenyeji wake. Miongoni mwa nyumba za makumbusho ipo ya mganga wa jadi. Ni msonge wa nyasi wenye mlango mfupi, na anayeingia sharti ainame. Wageni wakishaingia huuliza habari za vibuyu na mizizi: hii yatibu nini, ile yanywewa vipi. Swali la mganga mwenyewe, alitibiwa na nani kabla ya kuwatibu wenzake, huulizwa na wachache. Nalo ndilo swali zito.

Waswahili husema mganga hajigangi. Aghalabu methali hiyo hutumika kwa mtu anayejua dawa ya wengine lakini akashindwa na maradhi yake. Usukumani ilikuwa zaidi ya methali. Ilikuwa kanuni ya kazi.

Mtu hakuamka asubuhi akaamua kuwa nfumu (wingi bafumu), yaani mganga kwa Kisukuma. Kwa kawaida aliugua kwanza. Aliota ndoto zisizokwisha, au alizika watoto mfululizo, au mwili ulimkataa bila sababu ya kuonekana. Ndugu walimpeleka kwa mpiga ramli, kuku akapasuliwa, na matumbo yake yakasomwa. Jibu likija kwamba masamva, mizimu ya mababu, ndiyo iliyomkamata kwa kuwa inataka aishike kazi ya ukoo, hapakuwa na njia ya mkato. Alihamia kwa mganga mkongwe na kukaa kwake kama mgonjwa. Akipata nafuu alibaki kama mwanafunzi: anachimba dawa, anatwanga, anasikiliza wagonjwa wanavyoeleza shida zao. Siku alipofungua mji wake mwenyewe, alikuwa ameshapita njia yote ambayo mgonjwa wake alikuwa anaianza.

Waswezi walikuwa na utaratibu wa namna hiyo hiyo. Chama chao cha pepo kilijulikana kusini na magharibi mwa ziwa, na Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1955. Cory, mzaliwa wa Austria, alikuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni na aliishi Mwanza kwa miaka mingi. Aliyeingizwa katika chama hicho mara nyingi aliingia kwa mlango wa maradhi. Alipotoka alikuwa na jina jipya, lugha mpya ya siri na ndugu wapya ambao wote walikuwa wamewahi kuugua kama yeye. Kwa maneno ya leo tungesema alipata kundi la kusaidiana.

Serikali ya kikoloni haikuyatazama mambo haya kwa jicho hilo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwatia waganga wengi hofu ya kuonekana wachawi. Kwa wale walioitwa vichaa, matumaini yalikuwa kusafirishwa hadi Dodoma, kwenye Hospitali ya Mirembe iliyoanza miaka hiyo hiyo ya 1920. Kutoka Mwanza ilikuwa safari ya kumtenga mgonjwa na kila anayemjua.

Haitakuwa haki kuwasifu waganga na kunyamazia doa lao. Mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalihusishwa na wapiga ramli na waganga, hata Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchi nzima. Vikongwe nao wameuawa Usukumani kwa neno moja tu la mpiga ramli. Kazi inayoshika roho ya mtu inaweza kuiponya, na inaweza kumfanya amchukie jirani yake. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza kwa makini anayeishika kazi hiyo amelelewa vipi.

*

Kazi mpya ya kutuliza roho ilizaliwa kando ya ziwa hili hili, na ilizaliwa msibani. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla jina la kitabibu halijazoeleka, Wahaya wa mkoa huo waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za biashara ya magendo zilizopita mpakani. Ng'ambo, upande wa Uganda, waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Vijiji vya wavuvi vilizika kila wiki. Dawa haikuwepo.

Hapo ndipo maneno mawili, ushauri nasaha, yalipoingia katika maisha ya kila siku. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe, Christopher, Januari 1987. Mwaka huo huo yeye na wenzake 15 waliunda TASO, shirika la kuwasaidia walioambukizwa na jamaa zao. Wengi wa waanzilishi wale walikuwa na virusi wenyewe. Walijifunza kumsikiliza mgonjwa kwa sababu walijua ilivyo kukaa upande ule wa meza. Miaka miwili baadaye, Theresa Kaijage akaanzisha WAMATA jijini Dar es Salaam. Kama ilivyokuwa kwa bafumu, mlango wa kuingilia kazi ulikuwa maradhi yaliyoigusa nyumba ya mtu mwenyewe.

Mwanza ilipata sifa kwa madaktari wa dunia nzima kwa utafiti uliofanyika mkoani humo kati ya 1991 na 1994. Katika jamii 12, watafiti walionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Utafiti ule ulipima damu. Moyo wa mshauri haukuwa sehemu ya hesabu.

Na moyo ule ulikuwa na mzigo. Chumba cha ushauri cha miaka ile hakikuwa na mengi: meza, viti viwili, pazia, na juu ya meza kikaratasi cha majibu kilichokunjwa. Mteja hulitazama lile kunjo kuliko anavyomtazama mshauri. Mshauri anajua kilichomo, na anajua pia kwamba akishakikunjua hana kidonge cha kumpa mtu huyu, kwa maana dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004 tu. Alichonacho ni sauti yake na uvumilivu wa kukaa kimya mwenzake analia. Kisha mlango unafunguliwa na mteja mwingine anaingia. Jioni mshauri anapanda daladala, anafika nyumbani, anaulizwa habari za kazi, anajibu: nzuri.

Mzigo wa namna hiyo uliwaangukia wafariji wengine pia. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia bandari ya Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800, na baadhi yao wamezikwa Igoma. Waliofiwa walifarijiwa na majirani, mashehe, mapadri na wachungaji, mikekani na kwenye matanga, kama ilivyo desturi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara na kuua watu 228. Mara zote mbili jiji zima liliomboleza, na wale waliokuwa wakifariji walikuwa nao wamefiwa.

*

Hapa ndipo hekima ya mbali, ya Kibuddha, inapofaa kusikilizwa, na kwa kweli siku hizi haiko mbali. Dar es Salaam lipo hekalu la Kibuddha tangu mapema karne iliyopita, lililojengwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka. Lakini kwa watu wa ziwa, jirani zaidi ni Garuga, upande wa Entebbe. Huko, mwaka 2005, mtawa Mganda alianzisha Uganda Buddhist Centre. Anaitwa Bhante Buddharakkhita. Alizaliwa mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza, akalelewa Mkatoliki, na mwaka 1990 akaenda kusoma India. Huko alikutana na watawa vijana kutoka Thailand, akavutiwa na utulivu wao. Alipewa daraja la utawa mwaka 2002 huko California, mikononi mwa U Silananda, mwalimu kutoka Burma. Aliporudi nyumbani kanzu yake iliwafanya watu wamdhanie Mmasai, na bakuli lake la kupokelea chakula wakalidhania ngoma.

Anachofundisha ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Mtu aketi, aangalie pumzi yake inavyoingia na kutoka. Wazo likija, aliangalie bila kulifukuza na bila kulifuata. Maumivu yakija, ayatambue kwa jina lake. Mafundisho ya kale ya Kibuddha hutumia mfano wa mishale miwili. Wa kwanza ni ule unaompata kila mtu: ugonjwa, msiba, kuzeeka. Wa pili mtu hujichoma mwenyewe kwa hofu, hasira na kulaumu. Wa kwanza hauna kinga. Wa pili unaweza kuzuiwa. Usukumani, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu wamelinda vijiji kwa pinde na mishale ya sumu, mfano huu haumsumbui mtu kuuelewa. Na anayekumbuka mambo ya ramli atauona mshale wa pili haraka: mtoto amekufa, na kabla machozi hayajakauka anatafutwa bibi wa kulaumiwa.

Madaktari wa Magharibi waliichukua hekima hii wakaiingiza hospitalini. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi aliyekuwa amejifunza kwa walimu wa Kibuddha, alianzisha kliniki katika Chuo cha Tiba cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Wagonjwa wa maumivu sugu walifundishwa kwa wiki kadhaa kutulia na kuuangalia mwili wao, bila kutakiwa kubadili dini. Baadaye wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, walitafuta njia ya kuzuia sonona isiwarudie waliokwisha kupona. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa watu waliowahi kuipata mara tatu au zaidi, mafunzo hayo yalipunguza kurudi kwake kwa karibu nusu.

Kilicho na uzito zaidi kwa habari hii ni kilichowapata watatu hao wenyewe. Walikwenda Worcester wakikusudia kuchota mazoezi machache na kuyatia katika tiba yao. Waliwakuta walimu ambao, mgonjwa akilia au akikasirika, hawakukimbilia kumtengeneza. Walikaa naye palepale. Wataalamu wale waligundua kwamba uwezo huo haupatikani kwa kusoma. Ilibidi wao, wenye digrii zao, waketi na kutafakari kila siku kabla ya kumfundisha mwingine. Kwa maneno mengine, walirudi kuwa wanafunzi wa mganga mkongwe.

Mganga mkongwe wa Usukumani angewaelewa mara moja. Hoja ya Garuga, ya Worcester na ya msonge ule wa Bujora ni moja: anayetibu roho za watu sharti aizoee yake kwanza, na aizoee mbele ya mtu mwingine anayemwongoza. Tofauti zipo, na ni kubwa. Mbuddha anaangalia akili yake; nfumu anazungumza na mababu. Mmoja anatafuta kulegeza mshiko wa nafsi, mwingine anairudisha nafsi kwenye ukoo. Kuzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja ni kuzidharau zote mbili.

Wapo watakaosita kwa sababu ya imani, na kusita kwao kunastahili heshima. Mwislamu wa Mwanza ana uradi wake, Mkatoliki ana rozari yake, na hakuna anayewaambia waviache. Kuangalia pumzi hakudai hekalu wala sanamu.

Bugando, hospitali kubwa iliyo juu ya kilima katikati ya jiji tangu mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, na mgonjwa wa Kanda ya Ziwa halazimiki tena kuanza na safari ya Dodoma. Washauri nasaha wapo hadi kwenye vituo vya afya visiwani. Wamefundishwa kutunza siri, kuuliza maswali na kujaza fomu. Kazi yao imeongezeka: VVU, ukatili wa majumbani, vijana wanaotaka kujiua, wavuvi waliowaona wenzao wakizama. Kipindi cha kuuguzwa na mwalimu, ambacho bafumu hawakukiruka, hakimo katika mafunzo mengi ya wiki mbili tatu.

Wanaosimamia hospitali, zahanati na mashirika ya ushauri kuanzia Bukoba hadi Musoma wanaweza kuanza bila fedha ya mfadhili. Watenge saa moja kila wiki, iandikwe kwenye ratiba kama zamu nyingine yoyote, na mlango ufungwe. Ndani ya saa hiyo mshauri aketi kimya kwa dakika chache, kisha mshauri mwenye umri mkubwa zaidi kazini amuulize habari zake, na asikubali jibu la "nzuri".