Kutata na Kutatua: Uzi wa Pamba katika Historia na Msamiati wa Pwani

Wengi wetu tumezoea kulichukulia neno "tatizo" kuwa istilahi dhahania ya darasani. Ni nadra kukumbuka kwamba tata ni fundo la uzi uliofungamana, na kwamba kutatua ni kuufungua uzi huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati huu ni ushahidi wa kihistoria, sawa na vigae vinavyofukuliwa ardhini.

Vigae hivyo vipo. Katika machimbo ya Kilwa, ambayo Neville Chittick alichapisha taarifa yake mwaka 1974, vilipatikana vipande vya vyungu vilivyosuguliwa vikawa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ndivyo vilivyokitia uzito kijiti cha kusokotea pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizitaja nguo za mji huo zilizopelekwa hadi Misri. Naye Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walizifumua nguo za rangi kutoka Cambay, wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Kazi hiyo ilidai uangalifu. Uzi mpya ukilegezwa hujikunja wenyewe na kutatana. Kwa hiyo msokotaji atakaye kuunganisha nyuzi mbili huziviringa katika madonge mawili yaliyotengwa, huzishika zikiwa zimekazwa sawasawa, kisha huzisokota pamoja kuelekea upande ulio kinyume na ule wa awali. Misokoto hiyo miwili husawazishana, na uzi hutulia.

Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, kitambaa cha viwandani kilienea pwani, nacho kikaacha jina lake katika lugha: merikani. Ufumaji wa wenyeji ulififia. Maneno yake yakabaki, lakini bila uzi.

Mimi mwenyewe nimelifundisha neno "utatuzi" kwa miaka kadhaa pasipo kuutaja uzi hata mara moja. Hiyo ni kasoro ya mwalimu, si ya lugha. Basi tunapounda istilahi mpya, haifai kutosheka na kamusi. Twende pia kwa wasuka kamba na washona nyavu, tuwasikilize wanavyoitaja kazi yao, kabla maneno hayo nayo hayajabaki bila mikono.