Kibuyu, Redio na Amplifaya: Habari za Sauti ya Mkwaruzo Kyela

Nchi ya Kyela, iliyotandaa chini ya milima ya Rungwe na Livingstone mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na mpunga na kakao hustawi pamoja, husifiwa sana kwa mchele wake na husahauliwa aghalabu zinapotajwa habari za muziki. Hata hivyo, mtu atakaye kujua kwa nini amplifaya ya valvu, chombo kilichoundwa Marekani na Ulaya na ambacho leo hununuliwa mikononi mwa waliokwisha kukitumia, hupendwa kwa ila yake kuliko usafi wake, atapata mwanzo mzuri wa maarifa hayo katika ufuko huu.

Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, moto wake ulifika ziwani mapema. Tarehe 13 Agosti manowari ya Kiingereza, Gwendolen, iliishambulia huko Liuli meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann, na tarehe 9 Septemba majeshi yakakabiliana Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Askari wa King's African Rifles na wapagazi waliochukua mizigo yao waliona magwaride na kusikia bendi za tarumbeta. Na amani iliporejea, vijana wa pande za ziwa wakaunda ngoma za safu na amri, zenye makapteni na masajenti wake, kama watu wa Lamu na Mombasa walivyokwisha kuunda beni kabla yao. Upande wa Malawi ngoma hiyo huitwa malipenga. Katika ufuko wa ziwa kusini mwa Tanzania, mganda. Na miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, ngoma ya ukoo huo ni ipenenga.

Tarumbeta za shaba hazikuwa mali ya kila mtu, basi wacheza malipenga walijifanyia za vibuyu. Kibuyu hukatwa mdomo, kisha ubavuni hutobolewa tundu dogo ambalo huzibwa kwa utando mwembamba uliotolewa katika kifuko cha mayai ya buibui. Mpigaji hakipulizi kama apulizavyo mwenye tarumbeta. Hukiimbia kwa sauti yake mwenyewe, na utando ule, kwa kutetemeka pamoja na sauti, huutia mlio mkwaruzo ambao koo la mwanadamu halina. Ni dhahiri kwamba fundi aliyetaka sauti safi asingalitoboa tundu hilo. Alilitoboa, akautafuta utando, akaubandika kwa uangalifu, na utando ulipochanika akatafuta mwingine. Mkwaruzo ulikuwa ndio muradi wake.

Wakati huohuo njia nyingine ya sauti ilifunguliwa na kazi za mbali. Vijana wa Kinyakyusa walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine, kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoandika wafanyakazi wa migodi ya Afrika Kusini, wakafika Johannesburg. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938 wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, waliukuta mwendo huo wa kwenda na kurudi umekwisha kuwa sehemu ya ujana. Katika miji ya migodi gitaa lilikuwa chombo cha kila bweni, na yale ya bei nafuu ya Afrika Kusini, kama Gallotone, yalienea mbali mno. La kwanza la John Lennon, mwaka 1957, lilikuwa la jina hilohilo.

Valvu nayo ilizikaribia nchi za ziwa kwa njia ya redio. Mwaka 1949 idhaa ya Lusaka, iliyoongozwa na Harry Franklin, ilileta redio ndogo yenye umbo la sufuria, iliyotumia betri na kuuzwa kwa pauni 5, nayo ikapata wanunuzi katika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Ndani yake mlikuwa na valvu: vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambamo kipande cha madini kikipata moto hutoa elektroni zinazokimbilia bamba lililo mbele yake. John Ambrose Fleming alibuni valvu mwaka 1904. Lee de Forest akaongeza wavu katikati mwaka 1906, na kwa wavu huo volti ndogo ikaweza kuutawala mkondo mkubwa. Amplifaya ya gitaa ni jambo hilohilo lililopewa nguvu zaidi na spika kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, bendi za dansi za Tanzania zilipotia magitaa yao umeme, zama za NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, fundi wa redio aliyezoea redio ya mbao hakuwa mgeni mbele ya vyombo vyao. Vyombo hivyo aghalabu vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri, si ya mpigaji. Na fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, kununua kipya kulikuwa kugumu kuliko kukifufua cha zamani. Ufundi wa kukifufua ukawa sehemu ya muziki wenyewe.

Sababu ya kupendwa kwa valvu yaelezeka. Gitaa likipigwa kwa nguvu kupita uwezo wa valvu, valvu hiyo haikati mlio ghafla, bali huuviringa kilele chake pole pole na kuuongezea milio midogo ya juu yake. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na baadaye kuishinda valvu kwa wepesi na bei, hukata kwa ukali. Vox AC30 ya Uingereza, yenye valvu nne za EL84, ilipata sifa yake kwa namna hiyo ya kuelemewa, nayo hufanya kwa umeme kazi ambayo utando wa buibui huifanya kwa sauti ya mwimbaji.

Lakini si kila kelele ya chombo cha zamani ni ya kuhifadhiwa, na mnunuzi wa Kyela, ambaye unyevu wa nchi yake hula chuma na karatasi kwa pamoja, ana wajibu wa kupambanua. Kwanza na atazame volti: amplifaya iliyoundwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120, ikichomekwa moja kwa moja katika volti 230 za Tanzania, huunguza transfoma, ambayo ndiyo kiungo cha thamani kuliko vyote. Kisha asikilize hali gitaa halijapigwa: mngurumo mzito usiokoma ni dalili ya kapasita kubwa zilizokauka, nazo zibadilishwe na fundi ajuaye kuziondolea chaji, kwa maana huweka mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa, na huweza kuua. Agonge kila valvu kwa penseli; ile inayolia kwa kugongwa imechoka. Akiona bamba la valvu kubwa limekuwa jekundu, azime mara moja. Wala asiiwashe kamwe bila spika, wala kwa spika ya omu zisizolingana, maana transfoma ya kutolea sauti ndiyo italipa deni hilo.

Baada ya hayo ndipo aitafute sauti. Abadilishe valvu ndogo ya mbele kabla ya kugusa kingine, kwa kuwa ni rahisi na athari yake husikika upesi. Kisha aijaribu spika nyingine, ambayo huibadili sauti kuliko kazi nyingi za pasi na risasi. Transfoma ya asili, ikiwa nzima, aiache mahali pake. Na fundi akimwahidi kuondoa mkwaruzo wote pamoja na mngurumo, amlipe ujira wa mngurumo peke yake, na huo mwingine amkataze kuugusa.