Kuta za Nyumba Zetu Isaka

Wazee wetu walijenga kwa miti na udongo. Mchwa wakala miti, mvua ikaosha udongo, na mama zetu wakakandika tena mwaka kwa mwaka. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita hapa Isaka, ikawa rahisi kuleta mabati na saruji. Baadaye wengi tukachagua matofali ya kuchoma, yasiyotaka kukandikwa. Lakini tanuru hula kuni, na miti ya nchi ilikuwa imepungua sana, hata mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili ngitili zirudi. Basi, ndugu, ajengaye na ahesabu yote mawili: taabu ya mama na miti ya wajukuu. Tofali la kushindilia, lenye saruji kidogo, halihitaji tanuru.