Ndimi Nyingi Katika Waya Mmoja

Tangu Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani, alipojenga makazi yake Nyarugenge mwaka 1907 na kuuasisi mji wa Kigali, mji huo haukupata kuwa na lugha moja peke yake. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya wenyeji; Kiswahili kiliingia pamoja na askari, wapagazi na wachuuzi, kikapata maskani katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo; Kijerumani kilitawala kwa muda mfupi kikakiachia nafasi Kifaransa; na baada ya mwaka 1994 Kiingereza kilipata nguvu kwa kurejea kwa wakimbizi waliolelewa ugenini, hasa Uganda. Kwa sababu hiyo, historia ya vyombo vya sauti katika Kigali haiwezi kuandikwa kana kwamba ni historia ya kukuza sauti tu. Kazi iliyo ngumu zaidi ya kukuza ni kuzikusanya sauti nyingi mahali pamoja pasipo moja kuimeza nyingine, kisha kumfikishia kila msikilizaji ile anayoifahamu.

Redio iliutatua mushkili huo kwa kugawa saa. Mwaka 1965 Deutsche Welle ilifungua katika kilima cha Kinyinya kituo cha kurushia matangazo kwa masafa mafupi, nacho kikalihudumia bara la Afrika kwa lugha kadha wa kadha, Kiswahili kikiwamo, hata kilipofungwa mwezi Machi 2015. Lakini mtambo mmoja hurusha kipindi kimoja kwa wakati mmoja, na msikilizaji alilazimika kuingojea zamu ya lugha yake. Katika ukumbi wa mkutano zamu hiyo haipo, kwani mjumbe akishanena, wote sharti wafahamu papo hapo.

Njia ya kulitimiza hilo, yaani ukalimani wa papo kwa papo, ilipata kujulikana ulimwenguni Nuremberg, mwezi Novemba 1945, katika kesi ya wakuu wa Ujerumani ya Hitler, ambapo mitambo ya IBM iliwapa hadhirina njia tano: ya kwanza ya msemaji mwenyewe, na nne za Kiingereza, Kirusi, Kifaransa na Kijerumani. Kanuni ikawa kila sauti na waya wake. Kumbi za dunia ziliifuata kanuni hiyo kwa miaka hamsini, na mafundi wakaibeba taabu yake. Kila maikrofoni ilivutiwa kebo yake hadi kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti. Kutoka hapo zikatoka nyaya nyingine kwenda kwa wakalimani, kwa spika, kwa wanaorekodi na kwa waandishi wa habari. Na kila palipotakiwa kugawanywa sauti, palihitajika kifaa cha kuigawanya isije ikadhoofika. Waya mrefu wa shaba, aidha, huokota mngurumo wa umeme wa jengo, na vyombo viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti huvuma pasipo kukoma. Fundi aliweza kumaliza usiku mzima akiutafuta uvumi mmoja, ilhali wageni wanaingia asubuhi.

Mapinduzi yalitoka katika sanaa ya tarakilishi. Mwaka 1973 watafiti wa Xerox, California, walikuwa wamebuni Ethernet, ambayo hukata habari vipande vipande, kila kipande kikibeba anwani yake, hata vya watu wengi vikapita katika kebo moja. Mwaka 1996 Peak Audio wa Colorado waliipitisha sauti humo kwa utaratibu walioupa jina CobraNet. Mwaka 2006 ikaanzishwa mjini Sydney kampuni ya Audinate, yenye utaratibu wa Dante. Na mwaka 2013 ukatoka mwafaka wa AES67, ili vyombo vya watengenezaji wasiopatana vipate kusikilizana.

Hapa pana jambo ambalo nalistaajabia hata leo. Sauti inayosafiri hivyo hupimwa mara 48,000 katika kila sekunde, na vyombo viwili ambavyo saa zake zinatofautiana kwa kiasi kidogo mno huanza kutoa mikwaruzo, kwa kuwa kimoja hupeleka upesi kuliko kingine kinavyopokea. Ndipo vyombo vyenyewe huchagua kimoja miongoni mwao kuwa saa kuu, na vyote vingine vikaifuata. Saa hiyo ikizimika, uchaguzi hufanywa upya mara moja. Zikishapatana saa, sauti ya msemaji huweza kunakiliwa kwa kila mwenye haja nayo pasipo kupungua hata chembe.

Haja ya mambo hayo ilionekana dhahiri Kigali mwaka 2016. Jumba la mikutano la Kimihurura, lenye kuba linalokumbusha ikulu ya wafalme wa kale na ukumbi wa takriban watu 2,600, lilifunguliwa mwezi Julai kwa mkutano wa Umoja wa Afrika. Mwezi Oktoba mataifa yalikutana humo juu ya Itifaki ya Montreal, yakajadiliana usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 15 yakapitisha Marekebisho ya Kigali, ya kupunguza gesi za majokofu zinazoipasha dunia joto. Mikutano ya namna hiyo hufasiriwa katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na neno moja likipotea katika njia ya lugha moja laweza kuzuia mapatano ya wote.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Katika ukumbi wa nyaya za kale, kuongeza lugha kulidai kutoboa kuta na kuvuta kebo mpya hadi kwenye mikisa. Katika ukumbi wa mtandao, kibanda cha Kiswahili chadai tundu moja la ukutani, kebo isiyozidi mita 100 hadi kwenye swichi ya mtandao, na jina la Kiswahili kuandikwa katika orodha ya njia. Kazi hiyo ni ya alasiri moja. Wakalimani wa kuketi ndani ya kibanda ndio wanaodai miaka ya kusomeshwa.