Umeme Ulivyoingia Mabandani Buha

Katika nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, tangu Kibondo hata Kasulu, ambako kwa dahari nyingi nuru ya usiku ilikuwa ya kuni, kisha ya koroboi na kandili, umeme ulipowadia ulitoka katika majenereta ya dizeli ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, yaliyonguruma mjini ilhali vijiji vingi vikikaa gizani. Na mwaka 2022 ndipo Gridi ya Taifa ilipozifikia wilaya hizo kwa kupitia kituo cha umeme cha Nyakanazi.

Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya 2005, ulikwisha kueneza nchini kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye soketi, taa na breka ndani yake, kwa ajili ya nyumba ndogo isiyomudu gharama za kutandaziwa nyaya. Ni ihsani kubwa kwa maskini, walakini hakikukusudiwa kulisha boma zima. Mwenye ghala la maharage nyuma ya migomba, akivuta waya mwembamba kutoka katika kifaa hicho, ajitia hatarini.

Banda lastahili kisanduku chake, mbali na unyevu, chenye swichi kuu na breka inayolingana na unene wa waya, pamoja na waya wa ethi ulioshikamana na nondo ya shaba iliyozama ardhini. Tena breka pekee haimhifadhi mtu, kwa kuwa ile ya ampia 16 huvumilia mkondo mkubwa mno kuliko uwezao kuusimamisha moyo. Yahitajika kinga ikatayo umeme unapovuja miliampia 30, ikifungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.